Ni kuita chongo kengeza tu? Jibu kwa mwalimu aliyeuliza majina mapya yana kazi gani

Swali la msomaji: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Muheza. Wanafunzi wangu wanaandaa maonyesho ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tumepewa orodha ya maneno yasiyotakiwa: zeruzeru, kilema, kiwete, bubu. Nina mwanafunzi mmoja kiziwi kidato cha pili na mwingine anayetembelea magongo, na choo chetu kina ngazi tano. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Je, hii lugha ya wanaharakati ina tofauti gani na hiyo? Imewahi kubadilisha sera hata moja?"

Marahaba, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili na sikuona dharau ndani yake. Nimeona uchovu wa mtu aliyehudhuria semina nyingi, kisha akarudi shuleni akazikuta ngazi zilezile. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri nyaraka za sera kwa Kiswahili, hivyo maneno unayoyatilia shaka yamepita mikononi mwangu, mengine nikiyakata, mengine nikiyatetea. Nakiri nina upande. Naamini baadhi yake yamegusa sheria, takwimu na bajeti za nchi zetu. Naamini pia kwamba mengine ni kengeza tupu, na tusipoyatenganisha tutachoka yote kwa pamoja.

Methali yako inamsema mtu anayepunguza uzito wa jambo kwa mapenzi: jicho halioni, yeye anasema limepinda kidogo. Wengi hudhani lugha ya wanaharakati siku zote ni ya kupaka asali namna hiyo. Basi tuanze na neno lililokwenda kinyume kabisa.

Zamani ukataji wa sehemu za siri za wasichana uliitwa tohara. Ni neno safi, limetoka katika Kiarabu, na maana yake inatembea na usafi na utakaso. Ukishaliita tendo hilo tohara, umeshahukumu bila kusema: aliyefanyiwa ni safi, asiyefanyiwa ni mchafu. Wanaharakati wakalikataa, wakaliita ukeketaji. Sasa keketa ni kitenzi kigumu. Ni kukata kwa kisu butu, kwa kusugua, kitu kisichokatika kwa urahisi. Hapo hakuna aliyelainisha lolote. Neno la heshima liliondolewa, likawekwa neno linalomwonyesha mkataji na kisu chake. Kosa lililokuwa limekaa kwa msichana asiyetahiriwa likahamia kwa mtu mzima aliyeshika wembe.

Na sheria ikafuata njia hiyohiyo. Tanzania Bara, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza tendo hilo katika Kanuni ya Adhabu kama ukatili dhidi ya mtoto wa chini ya miaka 18. Kenya ilitunga sheria yake mahususi mwaka 2011, na kifungu cha 25 cha sheria hiyo huwa nakisoma kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kinashughulikia matusi yenyewe. Anayemdhihaki mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au mwanamume kwa kuwa amemwoa mwanamke wa aina hiyo, ametenda kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000 za Kenya, au vyote viwili. Waliotunga kifungu hicho walijua jambo ambalo kila binti wa Kikurya aliyewahi kuitwa msagane, yaani asiyekeketwa, analijua: wembe unaletwa na neno. Msichana hakimbilii kukatwa kwa kupenda maumivu. Anakimbia jina.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, nawe ukitumie kwenye orodha uliyopewa. Neno jipya likija, usiulize kama linapendeza. Uliza kosa limehamia wapi, na nani amebebeshwa wajibu ambao jana hakuwa nao. Kama hakuna kilichohama, hiyo ndiyo kengeza yako.

Tuje kwenye kilema. Utasikia kwenye semina kwamba tatizo ni ngeli: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa, vyote vimetupwa kwenye ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikombe. Mimi ni mtu wa lugha, na hoja hiyo peke yake sikubaliani nayo. Kiongozi naye yumo humo, na kijana, na kinyozi. Tena sarufi yetu humpa kipofu upatanisho wa mtu: tunasema kipofu anapita, hatusemi kipofu kinapita. Ila ukiyapanga majina ya hali za mwili mstari mmoja, na kibogoyo na kibyongo wakiwemo, sikio la Mswahili linaukamata mtindo wenyewe, na hapo nawaelewa wanaolalamika. Zaidi ya hayo, neno kilema lina maana mbili kwa pamoja: ni kasoro, na ni mtu mwenye kasoro. Ana kilema, yeye ni kilema. Mtu na kasoro yake wamekuwa kitu kimoja, na palipo kitu kimoja hakuna nafasi ya kuuliza kitu kingine chochote. "Mtu mwenye ulemavu" linafungua hiyo nafasi. Mtu yuko huku, hali iko kule, na katikati pana pa kuweka ngazi tano za choo chako.

Unaweza kusema hiyo ni falsafa. Tazama basi majina ya sheria zetu. Mwaka 1982 Bunge la Tanzania lilitunga sheria mbili kuhusu watu hawa, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Kutunzwa ni jambo jema, lakini anayetunzwa hadai. Anapewa, na siku asipopewa hana pa kwenda kushtaki. Mwaka 2004 ikaja sera ya taifa ya maendeleo na huduma kwa watu wenye ulemavu. Novemba 2009 nchi ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa 2006, ambao wanaharakati wenyewe walikaa mezani ukiandikwa, na kaulimbiu yao ilikuwa kwamba lolote linalowahusu lisifanyike bila wao. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Matunzo yakawa haki. Humo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ameambiwa angalau asilimia 3 ya watu wake wawe wenye ulemavu. Waajiri wengi hawajafika hapo, ni kweli, lakini leo mtu anaweza kusimama mbele ya mwajiri na kusema umevunja sheria. Zamani angeweza kusema nisaidie tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa takwimu, kwa sababu hapo neno na fedha vinagusana waziwazi. Sensa ya 2002 iliuliza kuhusu ulemavu wenyewe. Jibu la nchi nzima likawa takriban asilimia 2. Hebu fikiria karani amesimama uani, anamuuliza mama mbele ya majirani kama ndani ya nyumba yake mna mlemavu. Mtoto yumo chumbani. Mama anasema hapana. Bibi naye haoni vizuri miaka kumi sasa, lakini nani angemwita bibi yake mlemavu? Huyo ni mzee tu.

Miaka 6 baadaye, mwaka 2008, ukafanyika utafiti maalumu wa kitaifa uliotumia maswali ya Kundi la Washington, jopo la takwimu za ulemavu lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa. Maswali yao mafupi ni sita, na neno ulemavu halimo hata mara moja. Yanauliza: je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuelewana na wengine? Unajibu hapana, shida kidogo, shida kubwa, au siwezi kabisa. Utafiti ule ukakuta asilimia 7.8 ya watu wa umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2022, kwa maswali ya jamii hiyohiyo na umri huohuo, ikapata asilimia 11.2. Umri wa wanaohesabiwa una sehemu yake katika tofauti hiyo, lakini sehemu kubwa ni swali. Watu hawakuongezeka mara tano. Waliulizwa vizuri.

Na idadi ndiyo inayoingia kwenye vikao vya bajeti. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ilipobadilishwa mwaka 2018 kuzilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, mgawanyo uliandikwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kundi lisilo na jina la kisheria wala idadi ya kuaminika lisingepata hizo 2. Unaweza kusema ni ndogo, nami nitakubali, lakini zinadaiwa kwa jina.

Sasa zeruzeru, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu damu imemwagika. Tangu katikati ya muongo wa 2000, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa hasa Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa madini na uvuvi. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja akawafikia waganga na kuianika biashara hiyo. Wengi walishangaa watu wangewezaje. Mimi nilijifunza jibu katika stendi moja ya mabasi ya kanda hiyo. Binti mwenye kofia pana alikuwa anavuka kuelekea kwenye basi, na kijana mmoja wa stendi akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa: dili linapita.

Isikilize hiyo sentensi kama mwalimu wa Kiswahili. Nimekwambia kwamba kipofu, hata akiwa na ki-, anapita. Zeruzeru, pamoja na ubaya wote wa jina hilo, naye anapita. Lakini dili linapita. Kiambishi kimoja, li mahali pa a, na binti yule ametolewa katika watu akawekwa katika bidhaa. Kabla yake palikuwa na usemi kwamba zeruzeru hafi, hupotea. Asiyekufa hauawi, na asiyeuawa hana muuaji wa kutafutwa. Maneno yalikwishafanya nusu ya kazi kabla ya panga.

Ndiyo maana wanaharakati walipong'ang'ania "mtu mwenye ualbino" sikuona kengeza. Walikuwa wanamrudisha mtu kwenye sentensi ili afe kama mtu, azikwe kama mtu, na muuaji wake ashtakiwe. Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge mwaka 2008. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwani, naye mwenye ualbino, kwa kura zao, na watoto wakaanza kumwona mtu mwenye ualbino akiitwa mheshimiwa. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 16,477, na Kenya mwaka 2019 ilihesabu 9,729. Tangu 2015 Umoja wa Mataifa umeadhimisha tarehe 13 Juni kama siku yao. Kwangu la maana zaidi ni kile kiambishi u-. Ualbino ni hali, kama upofu au ujauzito, na hali ina sababu na ina huduma. Zeruzeru alihitaji mganga au mwujiza. Mwenye ualbino anahitaji miwani, kofia na mafuta ya kukinga jua, kwa sababu saratani ya ngozi inawamaliza wengi wao wakiwa bado vijana, kimya kimya, bila panga lolote. Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likigawa mafuta hayo bure. Hakuna serikali inayoweza kuandika fungu la bajeti kwa ajili ya viumbe wanaopotea.

Mauaji hayakwisha. Mwaka 2024 tumezika tena mtoto mdogo wa Kanda ya Ziwa, naye alizaliwa miaka mingi baada ya semina zote hizo. Neno haliwezi kulinda mlango usiku. Sitaki ufikiri kwamba nimelisahau hilo ninapokuhesabia mafanikio.

Na sasa upande wako wa hoja, ambao nao una haki. "Wenye mahitaji maalumu" ni neno nisilolipenda, na nimelikata kila niliporuhusiwa. Lipime kwa kipimo chetu. Kwenda haja ni hitaji maalumu? Kuingia darasani? Kusikia anachosema mwalimu? Ni mahitaji ya kila mwanafunzi wako; kilicho maalumu ni kwamba jengo na ufundishaji vilipangwa kwa kuwasahau baadhi yao. Neno hilo linaurudisha mzigo kwa mtoto na kuufanya uonekane kama deko. Hapo umeshinda: ni chongo, wanaita kengeza.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha kupitia rasimu ya mwongozo wa huduma jumuishi katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwa imeharibika. Mjumbe mmoja anayetumia kitimwendo alibebwa juu na vijana wanne wa hoteli, mmoja kila pembe, tai yake imempanda begani. Asubuhi nzima tulibishana kama tuandike "wenye" au "wanaoishi na". Zamu yake ilipofika hakugusa mjadala huo. Aliomba tuandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ameingia amebebwa, na kwamba akitaka kwenda msalani itabidi awaite wale vijana tena. Liliandikwa. Kikao kilichofuata kilifanyika chini. Katika maneno yote ya siku ile, ni hayo yake ndiyo yaliyohamisha kitu.

Limebaki la mwanafunzi wako kiziwi, na hapa orodha uliyopewa inaweza kukupoteza ukiisoma harakaharaka. Umeona kwamba bubu limekatazwa na kiziwi halimo? Si bahati mbaya. Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na jina hilo ni lao. Nimewaona wafadhili wakijaribu kuwabadilisha kuwa "wenye ulemavu wa kusikia", nao wakakataa. Kiziwi kwao ni mtu wa jamii yenye lugha, Lugha ya Alama ya Tanzania. Bubu ni mtu asiye na lugha, na huo ni uongo juu yao. Ona tofauti ya madai: bubu unamdaia huruma tu, lakini mtumiaji wa lugha unamdaia mkalimani. Wakenya, ambao wao husema lugha ya ishara, wameliandika hili kwenye Katiba yao ya 2010: Ibara ya 120 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Na Ibara ya 54 inaanza kwa kumpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Jina limewekwa kwenye sheria mama, katika ibara ileile inayozungumzia shule, usafiri na nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya maonyesho, kaa na mwanafunzi wako huyo, umuulize anataka aitweje. Kama kuna mwalimu au mtu mjini Tanga anayejua lugha ya alama, mlete hata kwa siku moja awafundishe darasa zima salamu, namba na majina yao. Wanaomwita bubu wataacha upesi wakigundua kwamba anayeshindwa kuzungumza pale ni wao.

Kwa yule wa magongo, wafundishe wanafunzi wako zoezi moja la sentensi. Waandike kwanza: "Mwenzetu hawezi kuingia chooni kwa sababu ni mlemavu." Kisha waandike: "Choo cha shule yetu kina ngazi tano, na mwenye magongo hawezi kuingia." Waulize sentensi ipi ina mtu wa kuitengeneza. Hiyo ya pili iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa maonyesho, diwani akija aisome akiwa amesimama mbele ya choo chenyewe. Ipelekwe pia kwenye bodi ya shule kwa maandishi, pamoja na namba ya sheria niliyokutajia hapo juu, Na. 9 ya 2010, ili iingie kwenye kumbukumbu kama ilivyoingia ya yule mjumbe wa kitimwendo. Fundi atakapouliza vipimo, ngazi tano za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 75. Mwinamo unaofaa ni wa 1 kwa 12, kwa hiyo njia ya mteremko itakuwa na urefu wa mita 9. Kama nafasi haitoshi kwenda moja kwa moja, aikunje katikati, aweke jukwaa tambarare pa kupumzikia, na vyuma vya kushikia pande zote mbili.